Bundi wa Meza ya Kukatia

Mimi ni tai, na sikuhitaji kijana mwenye tai shingoni atoke mjini kuja kuniambia. Muulize yeyote aliyefanya kazi katika karakana ya Madam Nthoki, pale Mbotela, hatua chache tu kutoka Barabara ya Jogoo. Atakwambia Triza Ayuma ni mtu wa kuamua kabla hujamaliza sentensi. Mbele yangu waliniita Mama Clare, kwa jina la binti yangu. Nyuma yangu walikuwa na majina mengine, nami niliyajua yote na hayakunikosesha usingizi. Kazi ilikuwa inatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa.

Tulikuwa tunashona sare za shule. Ooko alikaa na cherehani yake karibu na mlango, kwa sababu hakutaka mtu apite nje bila kusalimiwa. Mdomo wake ulienda mbio kuliko sindano yake, lakini siku akikosekana tulihisi kama redio imezimwa. Nabiswa alitia vifungo na kupiga pasi. Huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba msamaha. Halafu kulikuwa na Luseno, mkata vitambaa wetu.

Luseno alikuwa ananichosha, nasema wazi. Nikimwambia akate sketi za darasa la tano, atasimama na chaki yake aniulize: za wasichana warefu au wafupi? Pindo la kuachia ni la kukua mwaka mmoja au miwili? Mwalimu mkuu anataka juu ya goti au chini yake?

"Kata, Luseno! Watoto wanangoja kuvaa!"

"Nitakata, Mama Clare. Lakini nikikosea hapa, nyinyi wote mtashona kosa langu mpaka Ijumaa."

Kisha anapima tena. Nilikuwa nikiondoka pale nikisaga meno. Na bado, katika miaka yote niliyomsimamia, sikuwahi kuona shule ikirudisha nguo aliyoikata yeye. Hilo nalo nalisema wazi.

Mwaka huo, tisini na sita, Madam alikwenda semina katika hoteli moja mjini akarudi na jambo jipya. Januari iliyotangulia, Ooko na Luseno walikuwa wamenuniana mpaka mzigo wa shule moja ukachelewa, kwa hiyo Madam alitaka tufundishwe kuelewana. Mwanzoni mwa Novemba akamleta Gordon, kijana safi wa Buruburu, mtaa wa watu wenye nafasi, viatu vinang'aa, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alitukalisha juu ya marobota ya kitambaa akatuuliza maswali.

"Bosi akikuletea kazi ya ghafla, unafanya nini? Nani anaianza papo hapo?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Akauliza nani angeanza kwa kuwaambia wenzake na kuwachangamsha, na Ooko akanyanyua mikono miwili. Nani angeangalia kwanza kama mwenzake amelemewa? Nabiswa akainua kidole, kwa aibu. Mwishoni akauliza nani angetaka kujua mambo zaidi kwanza.

"Kazi yenyewe ni ya aina gani?" akauliza Luseno.

Tulicheka wote, na Gordon pia akacheka. Sikumchukia yule kijana. Alisema jambo moja ambalo mpaka leo ninalo: kwamba mtu anayekuudhi kazini, mara nyingi hakuudhi makusudi; anafanya kazi kwa namna yake, na wewe unataka aifanye kwa namna yako. Angeishia hapo, angekuwa amekula mshahara wake kihalali.

Lakini alikuwa amebeba beji. Alikuwa amezikata mwenyewe kwa karatasi ngumu ya manila, kila moja na pini yake, kila moja na ndege wake. Mimi akanipa tai, kwa kuwa naona mbali na nashuka kwa kasi. Ooko akapewa tausi. Papo hapo akainuka akazunguka chumba kizima akitutikisia mkia asio nao. Nabiswa akawa njiwa, na kila mtu akasema naam, huyo ni njiwa kweli.

"Na huyu bwana," Gordon akasema huku akimwekea Luseno mkono begani, "mtu wa kuchunguza, mtu wa kuona pale wengine hawaoni kitu... huyu ni bundi!"

Alilisema kwa furaha kabisa. Karakana ikanyamaza. Gordon akadhani tunatafakari.

"Bundi," akasema Ooko polepole. "Kwetu tunamwita tula. Boss, una uhakika na hiyo?"

"Bundi ni ndege wa hekima."

"Hekima ya nani?"

Sikumlaumu Gordon. Mtoto wa Buruburu atamjulia wapi bundi, isipokuwa kwenye picha za vitabu, amevaa miwani? Sisi wengine tulitoka kwenye nyumba ambako bundi akitua juu ya paa, mazungumzo hukatika. Mtu mzima huondoka jikoni na kijinga cha moto kwenda kumfukuza, na asubuhi watu huulizana habari za wagonjwa. Hakuna mzazi wa Bungoma, Vihiga wala Siaya aliyewahi kumsifu mwanawe kwa kumwita bundi.

"Mzivae mpaka nitakaporudi," Gordon akasema, akafunga mkoba wake akaenda zake.

Baada ya siku chache, beji ya Ooko ilikuwa imepotea. Yangu niliitoa pini nikaifungia mfuko wa sindano. Nabiswa aliiweka yake kwenye mkoba isichafuke. Luseno peke yake ndiye aliyeendelea kuivaa kila siku, juu ya mfuko wa aproni, kwa sababu iliamriwa tuvae mpaka Gordon arudi, na Gordon alikuwa hajarudi.

"Niaje, bundi!" Ooko alimpigia kelele kila asubuhi. "Leo unamlilia nani?"

Luseno alijibu salamu na kuendelea kunoa mkasi.

Wiki hizo hizo Nabiswa akaomba jambo. Alitaka kumshonea mamake, huko Bungoma, sare ya akina mama wa kanisa. Kitambaa alikuwa nacho. Akamwomba Luseno amkatie wakati wa chakula cha mchana, nasi sote tukiwa pale tunakula githeri. Mtu mwingine angeuliza kama mama ni mnene au mwembamba, akakata. Luseno akashika chaki.

"Mama ana urefu gani? Kuanzia shingoni mpaka kisigino?"

Nabiswa akakisia.

"Usikisie. Mpigie dada yako aliye nyumbani, ampime. Na bega lipi limeshuka?"

"Nani amekwambia bega lake limeshuka?"

"Mama aliyebeba mizigo umri wake wote ana bega moja lililoshuka. Lipi?"

Nabiswa akafumba macho kidogo. "La kushoto," akasema.

"Limeshuka kiasi gani?"

Ooko aliacha kutafuna. Niliwaona wengine wakitazamana, maana kwetu anayetaka kujua urefu wa mzee kuanzia kichwani mpaka kisigino ni fundi seremala, na si kwa ajili ya kumtengenezea kitanda. Luseno hakuona chochote. Alikuwa anawaza bega.

Vipimo vikaja kwa simu ya ofisi, nguo ikakatwa, ikashonwa, na jirani aliyekuwa anasafiri akaipeleka. Kisha siku moja simu ya ofisi ya Madam ikalia. Mama yake Nabiswa amefariki. Alilala tu, hakuamka.

Nabiswa alilia hapo hapo kwenye meza ya pasi, tukamshika, tukamsindikiza, akasafiri kwenda kuzika. Hata kabla vumbi la miguu yake halijatulia, maneno yakaanza. Si alimpima? Alimpima mama wa watu mwili mzima. Na ile beji, mbona sote tumezivua na yeye hataki kuivua? Niliwaambia wafunge midomo washone. Midomo ikafungwa nilipokuwa natazama.

Asubuhi iliyofuata nilikuta watu wamesimama mbali na meza ya kukatia. Juu ya kitambaa cha buluu cha sare za Januari, mtu alikuwa ameweka kijinga. Kilikuwa kimezimika, kimetoka jikoni kwa mama anayetuuzia chai, na majivu yake yalikuwa yamemwagika pande zote.

Luseno aliingia, akatundika koti, akavaa aproni, akakiona. Mtu huyu alizaliwa Kabras, kijijini kama sisi. Alikijua kijinga kile kinasema nini. Akakishika kwa vidole viwili, akakitoa nje, akarudi na brashi akaanza kufuta majivu taratibu ili yasiingie kwenye nyuzi.

"Hiki ni kitambaa cha watoto," akasema.

Mtu ana watoto wanne na mke katika chumba kimoja cha Mbotela, hajui kazi nyingine duniani ila ya mkasi, na sasa anafukuzwa kwa moto kama ndege wa juu ya paa. Siku hiyo hakuna aliyepokea vipande kutoka mkononi mwake. Walingoja aviweke chini aondoke, ndipo wavichukue.

Habari zikamfikia Madam, naye akaniita ofisini.

"Mama Clare, mimi siamini mambo ya ndege," akasema. "Lakini naamini mambo ya Januari. Watu wasiposhona, sina biashara. Nabiswa akirudi Jumatatu nitamuuliza mbele ya wote: unaweza kufanya kazi na Luseno? Akisema hapana, Luseno aende."

Nilitoka mle moto unaniwaka. Nikasimama katikati ya karakana nikawapasulia. Niliwaambia kama Luseno ni bundi basi mimi ni tai, waende nyumbani wakafungie vifaranga vyao! Kama beji ndiyo inayoua, mbona Ooko hajaota manyoya? Walicheka sana. Kisha Luseno akaja na robota la vipande, na hakuna mkono hata mmoja ulionyooshwa.

Niliudhika. Ila hasira yangu huwa na faida moja: ikishapanda inanipa akili. Nilikuwa nimewapigia kelele wote kana kwamba wote ni mimi. Mimi ukinikemea, naudhika, najirekebisha, tunaendelea. Lakini wao hawakuwa mimi, na yule kijana wa Buruburu alikuwa ametuonyesha hivyo kwa vidole vyetu wenyewe. Aliwajua watu sawasawa. Ni ndege tu aliowakosea. Basi nikaamua kumwendea kila mmoja kwa mlango wake.

Nilianza na Ooko. Kumkemea Ooko mbele ya watu ni kumjengea jukwaa, kwa hiyo nilimpeleka nyuma ya stoo, mahali pasipo na mtu wa kumshangilia.

"Kijinga ni chako."

"Mama Clare, ilikuwa tu mchezo. Wasee walicheka."

"Nani alicheka?"

Akatazama viatu vyake. Bila watu wa kumtazama, Ooko alikuwa mdogo sana. "Mwanzo walicheka," akasema. "Saa hii hata mimi naogopa. Ile story imenishinda kurudisha."

"Basi Jumatatu usiseme neno. Hata salamu. Unaweza?"

"Neno moja?"

"Hata nusu."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache kupumua, lakini akakubali.

Jioni nikamkuta Luseno anaukunja mkasi wake ndani ya kitambaa. Mkasi ambao hulala mezani kila siku.

"Mama Clare, nikiondoka, kazi itaendelea?"

"Itaendelea vibaya."

"Vibaya kiasi gani?"

Siku nyingine ningemrushia robota. Lakini mtu huyu hakuwa anataka kubembelezwa. Alikuwa anataka ukweli wa kushika. Nikavuta kiti. Nikamwambia kwamba hakuna mwingine anayejua kukata kola ya sare zetu isivutike, kwamba nikimweka mtu mpya tutaharibu marobota kabla hajajifunza, na kwamba shule zikirudisha nguo mwaka huu hazitatupa kazi mwaka ujao. Alisikiliza kila neno, akaguna.

"Hiyo ni sababu," akasema. Akaukunjua mkasi, akaurudisha mezani. "Nitangoja Nabiswa arudi."

Akabaki Nabiswa, na hapo ndipo Madam alipokuwa amekosea. Huwezi kumuuliza njiwa swali mbele ya kundi. Angeangalia nyuso, angetafuta upande wenye watu wengi, angesema wanachotaka kusikia ili pasiwe na ugomvi, kisha angelia chooni. Jumapili baada ya kanisa nikabeba mkate na sukari nikaenda kwake kumpa pole.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Nilikaa nikanyamaza. Mimi! Alinipa chai, nikanywa. Akakunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni mwangu, nikayameza pamoja na chai. Ukimharakisha Nabiswa, anakuambia "ni sawa tu" na mlango umefungwa.

Mwishowe akaketi.

"Ile nguo ilimkaa, Mama Clare."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aliivaa Jumapili moja. Dada anasema alisimama mbele ya kioo mpaka wakachelewa kanisani. Unajua mama, tangu nikiwa mdogo, kila nguo aliyovaa ilikuwa inateremka upande huu. Alikuwa anaivuta tu. Anaimba akiivuta, analima akiivuta. Sikuwahi kufikiri ni bega. Nilidhani ni tabia yake." Akajifuta macho na upindo wa leso. "Jumapili ile hakuivuta. Tukamzika nayo. Watu wote waliopita kumuaga walikuwa wanauliza, nani alimshonea."

Ndipo nikamwambia yaliyotokea. Kijinga, majivu, vipande vinavyowekwa sakafuni, na swali atakaloulizwa kesho. Sikumwambia ajibu nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka kuosha vikombe, na nilirudi nyumbani nikiwa sina hakika, jambo ambalo silipendi kabisa.

Jumatatu tulikuwa wote ndani. Ooko alikuwa amebana midomo mpaka mishipa ya shingo imesimama. Luseno alikuwa mezani kwake, aproni safi, beji mahali pake. Nabiswa aliingia amejifunga kitambaa cheusi. Tukampa pole, Madam naye akampa pole, kisha akakohoa.

"Nabiswa, kuna jambo nataka kukuuliza mbele ya wenzako."

Nabiswa akamuinulia mkono. Mkono! Mbele ya Madam! Alivuka karakana nzima, akapita meza ya pasi, akapita cherehani zote, na watu wakampisha. Alifika kwa Luseno. Akanyoosha mkono, akaifungua pini, akamvua ile beji. Nikajua tumeshindwa.

Akaigeuza beji, bundi akamtazama usoni. Kisha akaibandika kifuani mwake mwenyewe, juu ya kitambaa cheusi cha msiba wa mamake.

"Anayetaka kufukuza bundi," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "aanze na mimi."

Macho ya Ooko yalikuwa yamejaa maji, na bado hakutoa neno, nami hapo nikampenda kuliko siku zote. Aliinuka, akaenda mpaka meza ya kukatia, akanyoosha mikono miwili mbele ya Luseno na kungoja. Luseno akamwekea robota la vipande mikononi. Mwingine akaja nyuma yake, kisha mwingine. Madam alinitazama. Nikamwambia mzigo wa Januari utatoka, akarudi ofisini bila kuuliza swali lake.

Nabiswa alikuwa bado amesimama pale. Luseno akamkagua kwa jicho la kazi, chaki ikiwa nyuma ya sikio.

"Umeivaa upande," akasema.

Akaitoa pini, akapima kwa kidole kutoka begani, akainyoosha.